Nani atalipa wakati wa mbalamwezi?

Ukiniuliza ni nani aliyeuza taa nyingi za sola kuliko wote katika mkoa huu wa Tanga, nitakujibu ni Wizara ya Fedha. Nayasema haya nikiwa mtu ninayekula kwa biashara hii, na najua wenzangu wenye maduka kule barabara za Ngamiani watanuna. Lakini kumbuka mwenyewe. Katika bajeti ya mwaka 2011 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400.30 kwa lita. Hakuna aliyefikiria kutuhamishia kwenye jua. Kilichowasumbua wakubwa kilikuwa uchakachuaji: mafuta ya taa yalikuwa rahisi mno kuliko dizeli, wajanja wakachanganya, magari yakafa njiani. EWURA, wasimamizi wa nishati, walikuwa wameshaanza kuweka vinasaba, yaani alama ya kemikali ya kuyatambulisha, kwenye mafuta mwaka mmoja kabla. Ushuru ukaja kumalizia kazi, bei zikakaribiana, uchakachuaji ukakosa faida.

Maumivu yakawafikia watu ambao hawakuwahi kuchakachua chochote. Mama wa Mabokweni au wa Kigombe aliyezoea kununua mafuta kwa chupa ya soda ili awashe koroboi, akakuta pesa ya jana hainunui chupa ya leo. Hapo ndipo taa ndogo ya sola, iliyokaa rafuni miezi na miezi ikifutwa vumbi, ikaanza kuulizwa bei. Bahati ikaangukia bahati. Miaka ileile bei ya paneli ilikuwa ikiporomoka dunia nzima kwa sababu ya viwanda vya China, taa za LED zikawa zinatoa mwanga mwingi kwa umeme kidogo, na M-Pesa, iliyoingia nchini mwaka 2008, ilikuwa imeshawazoesha watu kulipa kwa simu. Muuza sola hakufanya hata moja kati ya hayo. Alikuwa amesimama tu mahali maji yalipopita.

Ndiyo maana sina subira na wale wanaokuja kutoka Dar na kwingineko na kifaa ndani ya begi, wanakifungua mezani, wanakieleza kwa saa nzima: ufanisi wake asilimia ngapi, betri yake mizunguko mingapi. Kifaa ni kizuri, sibishi. Mimi swali langu la kwanza ni moja: huyu unayetaka anunue, pesa yake inaingia siku gani, na ikiingia inapita mkononi mwa nani? Wengi hawajawahi kuulizwa hivyo. Wengine hudhani nawakwepa.

Tuanze na wavuvi, maana hao walinifundisha biashara hii kuliko semina yoyote niliyokalishwa hotelini.

Dagaa huvuliwa usiku, kwa taa. Mtumbwi wa taa unatangulia, unatulia mahali, samaki wanakusanyika chini ya mwanga, kisha nyavu inazungushwa. Kwa miaka mingi taa hiyo ilikuwa karabai. Aliyeiwasha anaijua: unapampu, mafuta yanapanda, yanageuka mvuke, yanawakia ndani ya utambi wa kitambaa ambao ukishaungua mara ya kwanza unabaki jivu lenye umbo. Wimbi moja la kushtukiza na utambi umekwisha, itabidi ufunge mwingine gizani huku chombo kinayumba. Karabai moja hunywa lita moja na ushee kwa usiku, na mtumbwi hauendi na karabai moja.

Kwa hesabu ya karatasi, basi, kuhamia LED na betri lingekuwa jambo la wiki moja. Mafuta yamepanda, taa mpya haina mafuta, haivunjiki, haizimwi na upepo. Nilienda Kigombe na karatasi hiyo. Tajiri wa chombo kimoja, mtu mzima wa kofia na msuli, alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akauliza:

"Mwanangu, hesabu yako nzuri. Sasa hiyo taa ni ya nani?"

"Ni yako, mzee."

"Ikiwa ni yangu, mbona faida yake ni ya kila mtu?"

Nilihitaji muda kidogo kumwelewa, na nikishamwelewa nikaona kwa nini karatasi yangu haikuwa na maana. Pwani yetu mauzo ya usiku hayagawanywi moja kwa moja. Kwanza hutolewa gharama: petroli ya mashine, mafuta ya karabai, chakula. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa mafungu, la tajiri kwa ajili ya chombo, mashine na nyavu, na la nahodha na mabaharia. Maana yake mafuta ya taa yanalipwa na wote, kabla hata ya mgao. Lakini taa ya LED, betri yake na paneli ya kuichajia vinatoka mfukoni mwa tajiri peke yake. Akinunua, gharama ya mafuta inafutika, kinachobaki kinakuwa kikubwa, na mabaharia wanapata zaidi bila kutoa senti. Yeye anabaki na deni. Mtu mwenye akili zake hawezi kusaini hapo, na yule mzee akili zake zilikuwa timamu kabisa.

Hilo halikuwamo kwenye kitabu chochote cha maelekezo nilichopewa, wala halihusiani na umeme. Ufumbuzi wake nao haukuhusiana na umeme. Tulikaa na nahodha na mabaharia chini ya mkungu, tukakubaliana taa ihesabiwe fungu lake kwenye mgao, kama nyavu inavyohesabiwa, mpaka pesa ya tajiri irudi. Ikisharudi, fungu linafutwa na taa inakuwa mali ya chombo. Mabaharia hawakubisha kuhusu kiasi. Walibishana, tena kwa sauti, kuhusu jambo moja: taa ikizama, deni linazama nayo au linaelea? Ikaamuliwa linazama nusu. Ningeweza kuleta wakili kutoka mjini na asingeandika mkataba bora kuliko ule.

Halafu kuna mwezi. Uvuvi wa taa ni kazi ya siku za giza. Mbalamwezi ikishatanda taa haina nguvu ya kumvuta samaki, vyombo vinapandishwa, watu wanashona nyavu, wanakunywa kahawa, wanakopa. Pesa inarudi giza linaporudi. Sasa mchukue mvuvi huyu umpe mkopo wa sola unaomtaka alipe kila tarehe 30. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu, na kila anayefunga Ramadhani anajua kwamba unarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka ukilinganisha na kalenda ya ukutani. Kwa hiyo tarehe 30 leo inamkuta ana pesa, na miezi kadhaa mbele inamkuta hana hata nauli ya kwenda mjini. Kwenye kompyuta ya mkopeshaji anaonekana mlipaji mzuri aliyeharibika tabia. Hajabadilika hata kidogo, kilichohama ni tarehe.

Kampuni za lipa kadiri utumiavyo zilipovamia nchi kwenye muongo uliopita, nilizifuatilia kwa karibu. Off-Grid Electric walianzia Arusha, Mobisol wakaja kutoka Berlin, na wazo lao lilikuwa zuri kweli. Unachukua mfumo nyumbani, unalipa kidogo kidogo kwa simu, usipolipa mtambo unajizima wenyewe. Kwa mara ya kwanza mtu asiye na dhamana benki aliweza kuwasha taa tano, redio na televisheni. Lakini mwaka 2019 Mobisol iliomba kinga ya mufilisi kule Ujerumani, na baadaye mwaka huohuo ikanunuliwa na Engie ya Ufaransa. Watu walisema mengi. Maoni yangu ni kwamba kampuni ya namna hii inaingia sokoni ikiwa muuza paneli, na kabla ya muda kupita inakuwa benki. Imetoa vifaa leo, itapokea pesa yake kwa miaka mitatu, kwa shilingi, wakati yenyewe imekopa kwa euro au dola. Kila mteja mpya anayefurahiwa kwenye ripoti ni pesa nyingine iliyotoka. Ukikua haraka unaumia haraka. Benki zetu zenyewe, zenye maofisa mikopo wanaomjua mtu mpaka mtaa anaokaa, zinaogopa kumkopesha mvuvi. Mgeni mwenye programu nzuri kwenye simu atajuaje kwamba huyu hulipa wakati wa giza?

Mimi siwezi kushindana nao kwa mtaji. Ninachoweza ni kuandika kwenye daftari langu "giza la pili" badala ya "tarehe 30".

Nirudi kidogo kwenye taa ya mtumbwi, kwa sababu biashara yangu nusura ifie hapo, na mkopo haukuwa na hatia. Adui alikuwa chumvi. Waya uliounganishwa kwa kusokotwa na kufungwa gundi ya karatasi, unaodumu miaka sita ndani ya nyumba Korogwe, unaota kutu ya kijani baharini kabla giza moja halijaisha. Taa inaanza kupepesa, nahodha anasema "sola imekufa", na kesho yake habari imeshafika Moa. Betri nayo ina hesabu yake. Watu hununua betri ya gari, ile N70, kwa sababu ipo kila duka. Hiyo ina takriban wati-saa 840, lakini betri ya asidi ukiinyonya chini ya nusu kila siku unaiua, kwa hiyo cha kutumia kwa amani ni kama wati-saa 420. Taa ya wati 50 ikiwaka saa kumi inataka 500. Utaona mwenyewe kwamba hesabu imeshakataa kabla hujatoka ufukweni. Itawaka mwezi wa kwanza, wa pili, na wa tatu mvuvi atakuja na betri mabegani akuulize ulimuuzia nini. Betri za lithiamu-chuma-fosfeti zinavumilia kunyonywa karibu mpaka chini, na bei yake imeteremka sana. Lakini nazo zinataka boksi lisiloingiza maji na fundi anayejua kwamba chaja ya betri ya asidi si yake.

Fundi huyo awe hapa Tanga, sisemi Dar. Na asiwe namba ya simu yenye muziki wa kusubiria. Mvuvi ambaye taa yake imekufa Jumanne anataka kuvua Jumanne usiku.

Kuhusu bidhaa feki nitasema kwa ufupi, maana TBS, shirika la viwango, wapo na wanafanya kazi yao, ila hawawezi kusimama kila kona ya Mgandini. Nitakupa kipimo kimoja cha kuondoka nacho. Jua kali la adhuhuri humwaga takriban wati 1,000 kwenye kila mita mraba. Paneli nzuri za dukani hugeuza kama asilimia 20 ya hiyo kuwa umeme. Kwa hiyo paneli yenye ukubwa wa karatasi ya A4, hata iwe imetengenezwa na malaika, haiwezi kuvuka wati 12 au 13. Ukiona ya ukubwa huo imebandikwa "50W", huhitaji maabara. Kwa kubwa zaidi, chukua mita ya fundi, weka kwenye ampea, iunganishe moja kwa moja kwenye nyaya mbili za paneli ikiwa juani saa sita. Ile ya wati 100 ya kuchajia betri ya volti 12 itakupa ampea tano na nusu hivi, au sita. Nimeshika zilizoandikwa 100 zikatoa mbili na ushee. Muuzaji alinitazama kwa huruma kana kwamba mita yangu ndiyo mgonjwa.

Paneli feki inaharibu kuliko mwizi. Mwizi anakuibia mara moja na unabaki unaamini milango. Aliyeuziwa paneli feki anaacha kuamini jua, na jirani zake wanne wanaacha pamoja naye. Mpango wa Lighting Africa, ulioanza mwaka 2007 chini ya Benki ya Dunia na IFC, tawi lake la sekta binafsi, ulielewa hilo mapema. Badala ya kugawa taa za bure, wakaanza kuzipima taa na kutangaza zilizofaulu. Ningependa moyo huo ushuke mpaka kwenye nyaya, chaja na betri, si taa za mkononi peke yake.

Sasa tuondoke baharini.

Tanga ni mkoa wa maziwa. Ng'ombe wa kufungiwa bandani wapo Pongwe, Muheza, Korogwe, Lushoto, mpaka ndani ya jiji la Tanga, na maziwa yao yanakusanywa kwenye vyama vya wafugaji yakafika kiwandani. Kila penye ng'ombe wa bandani pana kinyesi kilichokusanyika mahali pamoja, na hiyo ndiyo malighafi ya biogesi. Kwa nini basi kila mfugaji hana mtambo? Si kwamba ni kitu kipya. SIDO, shirika la viwanda vidogo, walileta mitambo ya pipa linaloelea mwaka 1975. CAMARTEC ya Arusha, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, wakaja na mtambo wa kuba uliojengwa chini ya ardhi katika miaka ya 1980, na mwaka 2009 ukaanza mpango wa taifa wa biogesi ya majumbani chini ya CAMARTEC hao hao, wakisaidiwa na Waholanzi. Nusu karne sasa tunajenga.

Tatizo moja linajulikana na wote: saruji, matofali, mabomba na fundi vinalipwa siku moja, gesi inalipa kidogo kidogo kwa miaka. Tatizo la pili hulisikii mikutanoni. Kuni zinaletwa na mama. Moshi unamwingia mama. Maji ya kuchanganya kinyesi, kiasi sawa kwa sawa, atayachota mama. Lakini hundi ya maziwa mara nyingi imeandikwa jina la baba, na baba hajawahi kupuliza kuni mbichi masika. Unapomwelezea habari ya jiko lisilo na moshi anaitikia kwa adabu tu. Ni stori ya tajiri wa Kigombe tena, imegeuzwa: anayelipa hapati, anayepata halipi.

Nimeona fundi mmoja wa Muheza, kijana mtulivu, akilimaliza hili bila kuhutubia mtu. Haanzi na jiko. Anampeleka baba kwenye shamba la mfugaji mwenye mtambo, anamwonyesha lile tope linalotoka upande wa pili likiwa halina harufu kali wala mbegu nyingi za magugu, limemwagwa kwenye migomba na majani ya tembo. Baba anaangalia mkungu wa ndizi, anauliza, anauliza tena. Akishakubali kununua mbolea, jiko linakuja lenyewe. Na makato yanapitia chama cha maziwa, kidogo kila malipo, kabla pesa haijagusa mfuko wa mtu. Siku ng'ombe amekauka, makato yanapumzika. Ni yale yale ya giza na mbalamwezi, ila hapa mwezi ni ng'ombe.

Wenye mitaji mikubwa nao hawajapona ugonjwa huu. Pale Hale, ndani ya mashamba ya mkonge, ulijengwa miaka ya 2000 mtambo unaojulikana kuwa wa kwanza duniani kuzalisha umeme kwa mabaki ya mkonge, kazi ya kampuni ya mkonge ya Katani kwa msaada wa UNIDO, shirika la viwanda la Umoja wa Mataifa, na mfuko wa CFC pamoja na serikali. Ili uelewe uzito wake, kumbuka mkonge wenyewe ulifikaje. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapitia Hamburg, ikafika huku ikiwa hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka miche hiyo tukafika kilele cha tani zaidi ya 200,000 za nyuzi kwa mwaka katikati ya miaka ya 1960. Na katika historia yote hiyo, korona, yaani mashine ya kukamua mkonge, ikikamua jani, nyuzi ni asilimia nne hivi ya uzito wake. Nyingine yote ni maji na makapi ya kijani yaliyotupwa yakaoza, yakateremka mitoni. Wageni waliopita Hale zamani watakumbuka harufu.

Kinachonivutia kwenye mtambo ule ni kwamba mteja wake wa kwanza alikuwa ndani ya uzio uleule. Korona inataka umeme, makapi yanatoka kwenye korona, umeme unarudi kwenye korona. Hakuna nguzo ya kujenga, hakuna wa kumtangazia. Ukitaka kuuza ziada kwenye gridi, hapo ndipo hadithi inapokuwa ndefu: kuna mkataba sanifu wa wazalishaji wadogo wasiozidi megawati 10, kuna bei iliyopangwa na EWURA, kuna kusubiri. Benki inaangalia mkataba huo kabla ya kuangalia mashine. Hata umeme wa maji wa Pangani Falls miaka ya 1930 ulianza kwa kujua nani atanunua: mashamba ya mkonge yalikuwa yakisubiri. Mwekezaji anayejenga kwanza, halafu akaanza kutafuta wateja vijijini wenye taa mbili na simu moja, namwombea dua.

Wapo wanaosema biashara yetu imekwisha kwa sababu REA, wakala wa umeme vijijini, wamefikisha nguzo, kuunganishiwa kijijini ni shilingi 27,000, na Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 limeingia kwenye gridi. Mimi nafurahi. Kumuuzia mtu taa ya sola aliye hatua kumi kutoka kwenye nguzo hakukuwa na baraka. Kilichobadilika ni kwamba swali la mwanga limeisha kwa wengi na swali la kupika limebaki palepale. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Ukitembea Makorora saa kumi na moja jioni utajua safari ilivyo ndefu, kila mlango una jiko la mkaa linalopepewa.

Hapa pia teknolojia ipo. Jiko la presha la umeme linapika maharage kwa nusu uniti ya umeme au pungufu, na uniti kwa mteja wa kawaida wa mjini ni shilingi 356. Chungu cha maharage hakifiki shilingi 200. Mkaa wa kupikia maharage hayohayo ni kopo zaidi ya moja, na kopo la mkaa siku hizi unalijua bei yake. Lakini mama anaogopa luku, ile mita ya kulipia kabla, na ana haki: mkaa anauona unavyopungua, umeme haumwonyeshi, unamkatikia katikati ya wali. Dawa niliyoona ikifanya kazi ni kupika mbele yake, kwenye mita yake, maharage yake na nazi yake, tukasoma luku kabla na baada. Hotuba hazisaidii. Kuna mama wa Chumbageni alisoma mita mara mbili, akamwita mumewe naye asome, kisha akauliza kama linakaanga samaki. Halikaangi vizuri, nikamwambia hivyo. Alilinunua, na jiko la mkaa likabaki kwa ajili ya samaki. Waandishi wa mikakati hawapendi majibu ya namna hiyo, lakini nyumba nyingi za Tanga zitakwenda hivyo kwa muda mrefu, umeme, gesi na mkaa jikoni pamoja.

Kilichoko mezani kwangu sasa ni barafu. Dagaa wanachemshwa na kuanikwa, hawaitaki, lakini vibua na samaki wengine wanaotua Kigombe wanaharibika wakisubiri gari la barafu kutoka mjini. Kugandisha kilo moja ya maji ya nyuzi 28 ni kuondoa joto la kilojuli 450, sawa na wati-saa 125 kabla hujahesabu friza lenyewe linavyovuja. Friza zuri linatoa joto hilo kwa umeme ulio pungufu ya hapo. Kilo 50 kwa siku zinawezekana kwa paneli za kilowati moja na nusu hivi, na hilo si jambo la kutisha tena kwa bei za leo.

Kwenye umeme sina wasiwasi. Wasiwasi wangu ulikuwa mwezi: wakati wa mbalamwezi jua linawaka vilevile, friza linagandisha vilevile, na samaki hakuna. Kikundi cha kina mama wauza samaki wanaotaka kulichukua wamenijibu kwa urahisi ulioniaibisha kidogo. Siku hizo watauza maji baridi na ubuyu wa barafu karibu na shule. Wameniletea hesabu ya ubuyu kwenye karatasi ya daftari, pakiti ngapi, sukari kiasi gani, na nimeiingiza kwenye ratiba ya mkopo: malipo makubwa wakati wa giza, madogo wakati wa mbalamwezi, likizo za shule wanapumzika. Tumeshakubaliana pia fundi atakuwa yule kijana wa Pongwe aliyefunga friza la duka la dawa. Tunachobishania bado ni gari la kulileta kutoka Dar, na kama lile deni litazama nusu iwapo friza litaanguka njiani, pale Mkata.